Huyo mtoto anayelia ndani ya matatu hajadekezwa

Wacha nianze na kosa langu mwenyewe, ndiyo usidhani nimekuja kukuhubiria.

Mwaka wa 2021 nilikuwa makanga kwenye matatu ya kutoka Ngoliba kwenda Thika. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka wa pili. Karo ilinishinda, na kusema ukweli, nilikuwa pia nimechoka kujifanya nasoma. Gari letu lilikuwa na spika mbili chini ya kiti cha nyuma, ukikaa hapo unahisi figo zikicheza. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu. Kuna vijana waliokuwa wakiacha gari tupu stejini wakingoja letu.

Asubuhi moja akapanda mama na mvulana wa miaka kama mitano hivi. Kabla hata hatujaingia barabara ya Garissa, mtoto ameshaziba masikio kwa viganja, amejikunja kama jongoo na anapiga nduru. Haikuwa sauti ya mtoto anayetaka peremende. Ilikuwa ya mtu aliyemwagikiwa na maji moto. Mama akaniomba nipunguze muziki kidogo. Nikamjibu, "Mathe, hii ni mat, si kanisa." Abiria wakaangua kicheko. Mtoto akaanza kugonga kichwa kwenye kioo. Mmoja akasema dawa ya huyo ni kiboko, mwingine akasema wamama wa siku hizi wanadekeza watoto. Karibu na Gatuanyaga dereva akachoka, akasimamisha gari, nami nikafungua mlango. Wakashuka kwenye jua. Nauli nilikuwa nimeshachukua yote mpaka Thika, na sikumrudishia hata bob.

Nakuambia haya kwa sababu pengine wewe ulikuwa mmoja wa waliocheka. Au ulikuwa kwenye gari lingine, la Ruiru au la Githurai, ukageuza uso dirishani na kuongeza sauti kwenye hedfoni zako. Miaka miwili baadaye nilimwona mtoto mwingine akifanya vilevile, na huyu sikuweza kumshushia popote, kwa sababu ni wa dadangu.

Nyumbani tunamwita Boi, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Sasa ana miaka minane. Anaongea, ingawa kwa vipande vipande, na anajua namba za usajili za karibu kila gari linalopita Ngoliba. Ukitaka kujua gari fulani lilipita saa ngapi jana, muulize yeye. Ana usonji. Wengine huita tawahudi, na utasikia majina yote mawili redioni. Mimi natumia usonji kwa sababu ndilo jina tulilopewa siku ile tulipoambiwa.

Ukitoka mjini ukaja kwetu utasema, "Ai, hapa ni kimya!" Unaona mashamba, ng'ombe, Kilimambogo imekaa pale mbele kama mzee anayeota jua. Lakini kaa siku mbili utasikia. Kelele za Nairobi zina adabu yake, zinaanza asubuhi na zinakaa hapo hapo siku nzima. Za kwetu zinatokea tu. Bodaboda iliyotolewa sailensa. Lori la mawe likifunga breki. Spika ya mazishi, spika ya kampeni, spika ya mkutano wa injili. Na kisiagi.

Kisiagi ndicho kilichotufunza kila kitu, kwa hivyo nivumilie nikieleze vizuri. Kiko katikati ya nyumbani na shule, kwenye kibanda cha mabati. Injini ni ya dizeli. Mzee anaiwasha wateja wakitosha, anazima wakiisha, kwa hivyo hakuna saa maalumu. Inaweza kuwa saa moja asubuhi au saa tatu, inaweza kuwa mara moja au mara tano. Inakohoa mara mbili tatu, kisha inashika kwa kishindo, na mabati yote yanatetemeka. Wewe na mimi tunashtuka sekunde moja, tunaendelea na safari.

Siku ya kwanza kisiagi kilipomshika Boi njiani, aliacha mkono wa mamake akakimbia kuvuka barabara bila kuangalia. Lori lilimkosa kwa nafasi ya kama mlango wa nyumba. Dadangu mpaka leo akisimulia hiyo siku anashika kifua.

Baada ya hapo tulitazama hofu ikihama. Wiki ya kwanza aliogopa kisiagi kikiwa kimewashwa. Wiki ya tatu akawa anakiogopa hata kikiwa kimezimwa. Kisha akakataa ile njia. Kisha akakataa viatu vya shule, kwa sababu viatu maana yake ni njia, na njia maana yake ni kisiagi. Mwisho wa muhula ilikuwa Jumapili jioni, dadangu akichukua pasi kunyoosha sare, Boi anatapika. Kisiagi kimefungwa na mzee yuko kanisani, lakini mtoto anatapika kwa ajili ya mlio wa kesho ambao huenda hata usilie.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, na sisi tulipotea pia. Ukimwona mtoto anagoma kuvaa kiatu, huoni kisiagi. Unaona kichwa ngumu.

Tuliambiwa mengi. Shosho alisema ni macho ya watu. Jirani mmoja alimwambia dadangu, ana kwa ana, kwamba hayo ni malipo ya kuzaa bila ndoa. Tukampeleka kuombewa, na hapa utacheka: mkutano wenyewe ulikuwa na spika nne kubwa na mtu anayepaza sauti kwenye maikrofoni. Boi alipiga nduru, na nduru ikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba pepo amesikia. Kadiri alivyolia ndivyo walivyoongeza sauti. Hatuko peke yetu katika haya. Watafiti waliozungumza na wazazi na wataalamu huko Pwani, Kilifi na Mombasa, walichapisha matokeo yao mwaka 2015, na miongoni mwa sababu zilizotajwa za usonji zilikuwemo pepo, uchawi na laana, sambamba na zile za kitabibu. Mimi simcheki mtu. Mtoto akikulilia usiku tatu mfululizo utajaribu lolote utakaloambiwa.

Kuna wale wengine wanaosema haya ni magonjwa ya wazungu, sisi tumeyaona kwenye intaneti tu. Miaka ya 1970 mtafiti aitwaye Victor Lotter alizunguka miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, akiangalia watoto waliokuwa kwenye taasisi za wenye ulemavu wa akili, na aliwapata wenye usonji. Hiyo ni kabla hata mamangu hajaolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Piga hesabu ya shule uliyosomea. Kama mlikuwa wanafunzi mia tano na kitu, kwa makadirio hayo mngekuwa na wanne hivi. Unawakumbuka? Mimi nakumbuka mmoja, tuliyekuwa tukimpulizia firimbi sikioni kwa sababu alivyoruka ilichekesha.

Sasa, shida yenyewe ni gani? Sisi tuna msemo wa milango ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi, ngozi. Naupenda kwa sababu unaeleza kitu. Mlango unafunguka na kufungwa. Wewe ukiwa kwenye mat, ubongo wako unafunga mingi bila kukuomba ruhusa. Unaacha kusikia injini, unaacha kuhisi kola ya shati shingoni, unaacha kunusa dizeli. Watoto wengi wenye usonji milango yao haifungiki hivyo. Wengine ni kinyume: wanahitaji vitu viingie kwa nguvu zaidi, ndiyo unawaona wakijizungusha, wakijibana kwenye kona, wakinusa kila kitu. Na mtoto mmoja anaweza kuwa hivi na vile. Boi hawezi kuvumilia lebo ndogo ya nyuma ya sweta, tunazikata zote, lakini juzi alikanyaga msumari akatembea nao mpaka nyumbani bila kusema neno.

Madaktari hawakugundua hili jana. Leo Kanner, aliyeandika huko Marekani mwaka 1943 kuhusu watoto 11, alieleza jinsi baadhi yao walivyotishwa na vitu vyenye kelele au vinavyosogea: lifti, mashine ya kufyonza vumbi, maji yanayotiririka, hata upepo. Lakini ilichukua hadi 2013 kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumika sana kwingineko, kuingiza jambo la milango ya fahamu kwenye vigezo rasmi vya usonji. Miaka 70. Wazazi muda huo wote walikuwa wakiona.

Halafu kuna wasiwasi wenyewe. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti 31, ukapata kwamba karibu watoto na vijana 40 kati ya kila 100 wenye usonji wana angalau aina moja ya wasiwasi uliofikia kiwango cha ugonjwa. Ulioongoza ni hofu ya kitu mahususi. Kwetu kitu chenyewe kina mkanda, tangi na gunia la mahindi juu yake.

Wataalamu wamebishana kama ni kelele zinazoleta wasiwasi au ni wasiwasi unaofanya kelele ziumize zaidi. Nikiuliza Boi, nadhani angesema zote. Mtoto aliyeumizwa na mlio huanza kuusubiri. Akiusubiri, mwili wote unakuwa macho, na mwili ulio macho hauachi sauti ipite hata iwe ndogo. Kijiko kikianguka, ni kisiagi. Jirani akiburura meza, ni kisiagi.

Kitu kinachomaliza watoto hawa hata kuliko sauti ni kutojua. Watafiti wameona mara nyingi kwamba kushindwa kuvumilia jambo lisilo na uhakika kunaenda sambamba na wasiwasi kwa wenye usonji. Ndiyo sababu Boi alikuwa akiuliza, "Kisiagi kitawaka?" mara thelathini kabla ya chai. Nami nilikuwa nikimjibu, "Hakitawaka, wacha kelele." Kisha kinawaka. Sasa fikiria wewe ni yeye. Mtu unayemwamini amekuambia hakitawaka, na kimewaka. Kesho utamuuliza mara ngapi?

Kosa langu la pili lilikuwa hapo, na hili ni kubwa kuliko la Gatuanyaga. Niliamua Boi lazima azoee. Si mtu huzoea? Mimi nilizoea spika. Nikamshika mkono kwa nguvu, nikamsimamisha kwenye mlango wa kisiagi kikinguruma, nikamwambia, "Ona, hakikuli." Alinikojolea kiatuni. Kisha akaniuma mkono, alama bado ninayo. Kwa wiki tatu hakulala usiku mzima hata mara moja, na njia ya shule ilikufa kabisa. Alikaa nyumbani muhula mzima.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba kuna tafiti za picha za ubongo zinazoonyesha kuwa kwa watoto wenye usonji wanaoumizwa sana na sauti na mguso, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu haitulii upesi kama ya wengine hata kitu kikirudiwa. Ule uzoefu ninaouona kwangu hauji kwa kusukumwa. Ukimsukuma, unachomfunza ni kwamba wewe pia ni wa kuogopwa.

Dadangu ndiye aliyetafuta njia. Kuna vituo vya serikali vya kupima watoto na kuwaelekeza wazazi kuhusu elimu, viitwavyo EARC, vilivyoanza nchini mwaka 1984. Watu wengi wa rika letu hawajawahi kuvisikia, na vipo kaunti zote. Ulizia kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu. Huko akaelekezwa hospitali, na hospitali ikawa vita yake. Foleni ya saa nne, watoto wanalia, mlango wa chuma unabamizwa, majina yanaitwa kwa sauti. Unampeleka mtoto anayeumizwa na kelele akapimwe ndani ya kelele, kisha unaambiwa "hashirikiani". Alirudi mara tatu ndipo wakamwona vizuri.

Na Thika, nakukumbusha, si mji mgeni kwa ulemavu. Tuna Joytown, tuna Shule ya Vipofu ya Thika, zote zilizoanzishwa na Salvation Army, zinajulikana nchi nzima. Mtu wa Thika akiona fimbo nyeupe au kiti cha magurudumu anapisha bila kufikiri, nimeliona hilo nikiwa makanga. Boi hana fimbo. Ana miguu yote, macho mazuri, na sura ya mamake. Kwa hivyo akianguka chini stejini, watu wanatafuta kosa kwa mamake. Nairobi kuna City Primary, shule ya umma yenye kitengo cha watoto wenye usonji, na kuna Autism Society of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2003 na wazazi. Lakini kutoka Ngoliba hadi huko na kurudi ni matatu nne kwa siku. Na umeshajua matatu zetu zilivyo.

Yule mtaalamu wa hospitali, anayewafunza watoto kazi za kila siku kama kuvaa na kushika kalamu, alimwambia dadangu kitu kimoja kilichonikaa. Alisema, "Mama, huwezi kuzima dunia. Lakini unaweza kumwambia kabla." Akamshauri achore siku nzima ya Boi kwa picha, kwenye katoni, asubuhi mpaka jioni, na aache kumwahidi jambo asilo na hakika nalo.

Tatizo, picha ya kisiagi uiweke wapi? Hakina saa.

Kwa hivyo nikaenda kwa mzee mwenyewe. Nilikwenda nikiwa na aibu, kwa sababu alikuwa ameona nilichomfanyia mtoto mlangoni pake. Nikamsalimia, "Guka, habari ya kazi," nikamweleza. Akanisikiliza huku akisugua nati kwa dizeli. Mwisho akauliza, "Kwa hivyo unataka nikuwe trafiki wa mtoto mmoja?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Akasema, "Mleteni Jumapili, injini ikiwa baridi."

Jumapili tukaenda, mimi, Boi na mamake. Ilichukua karibu saa nzima kutoka kwenye mwembe wa njia panda mpaka mlangoni, na ni kama hatua hamsini tu. Mzee hakumwita, hakumshika, hakumbembeleza. Aliendelea na kazi zake. Boi alipoingia alienda moja kwa moja kwenye bamba la chuma lenye namba za injini, akazisoma zote kwa sauti. Mzee akafurahi, akamwonyesha nyingine upande wa pili. Akamwonyesha tangi, mkanda, mahali pa kuzungushia. Boi akaweka kiganja kwenye chuma baridi akakiacha hapo. Mimi nilikuwa sijui kama nipumue.

Siku hiyo ndiyo mzee alileta wazo la gunia. Kuna msumari mlangoni, upande wa barabara. Akasema kila akitaka kuwasha injini, ataning'iniza gunia la manjano pale kwanza, angoje kidogo, ndipo awashe. Gunia likiwepo, kisiagi kitawaka au kimewaka. Gunia lisipokuwepo, hakiwaki. Boi akauliza, "Gunia halipo, kisiagi hakiwaki?" Mzee akasema, "Hakiwaki. Neno la mwanamume."

Usidhani ilikuwa rahisi hivyo. Siku ya nne mzee alisahau. Boi alikuwa chini ya mwembe, gunia halipo, injini ikashika. Tulirudi nyuma wiki mbili. Nilikasirika sana, nikataka kwenda kumwambia mzee maneno, dadangu akanizuia. Mzee alikuja mwenyewe jioni, akasimama nje ya geti, akamwambia Boi, "Nilisahau. Nimekosa." Sijawahi kuona mzee wa rika lake akimwomba mtoto msamaha. Tangu siku hiyo wamama wanaoleta mahindi ndio walinzi. Mzee akishika tu ile hendeli, kuna mtu atapaza sauti, "Gunia!" Mwanzoni walikuwa wakicheka. Sasa ni kama desturi, hata mgeni akija anadhani ni mambo ya mashine.

Kila wiki Boi alisogea hatua kadhaa kutoka kwenye mwembe, yeye mwenyewe akichagua ngapi. Nilimnunulia vile vizibo vya masikio vya mafundi wa grainda, vile vikubwa vya kufunika sikio lote, Thika kwenye hadwea, chini ya shilingi 500. Anavivaa kuanzia kwenye mwembe na kuvitoa akishapita. Tuliambiwa asivae siku nzima, maana sikio likizoea kimya kila wakati, hata sauti ndogo itakuja kuwa mlima. Muhula uliofuata alirudi shuleni. Si kila siku. Kuna Jumatatu ambazo hazimbebi, na mwalimu wake, Mungu ambariki, ameacha kumwandikia "mtoro".

Kuna wanaopata msaada mwingine kabisa. Kuna tiba ya mazungumzo iliyorekebishwa kwa ajili ya watoto wenye usonji, na tafiti zimeonyesha inapunguza wasiwasi, hasa kwa wanaoweza kuzungumza. Ukiipata na ukiimudu, nenda. Sisi tulikuwa na mzee na gunia.

Sasa wewe. Najua hauna kisiagi. Lakini pengine una shimo la kinyozi hapo Makongeni au Ruiru. Ile mashine yako ya kunyoa, kabla ya kuigusisha kichwa cha mtoto anayetetemeka, iwashe mbali, mwache aisikie, mwache aishike ikiwa imezimwa, mwambie utapitisha mara ngapi na usizidishe. Boi kwa mwaka mzima alinyolewa na mkasi akiwa amelala. Sasa ana kinyozi mmoja anayehesabu kwa sauti, na kwa huyo anakaa. Pengine wewe ndiwe unayepanga spika kanisani, au unapiga muziki kwenye bash ya mtoto. Pengine uko tu kwenye gari na hauna mamlaka yoyote, ila una mdomo. Makanga humsikia abiria kuliko unavyofikiri. Nakuambia kama mtu aliyekuwa makanga: wale waliocheka siku ile ndio walinipa nguvu. Angesema mmoja tu, "Buda, punguza kidogo mpaka watulie," ningepunguza. Na hizo kelele za kupita kiasi si haki ya mtu, NEMA ina kanuni zake tangu 2009, hata kama kwenye barabara yetu hujawahi kumwona mtu akizisoma.

Na ukimwona mtoto ameanguka chini stejini na mama amepiga magoti kando yake, usimzunguke, usimshike, usimuulize maswali mengi. Kila sauti unayoongeza inaingia kwenye mlango ambao haufungiki. Muulize mama mara moja, kwa sauti ya chini, kama anahitaji nafasi. Kisha wapanulie.

Yule mama wa 2021 nimemtafuta. Nilikuwa nikiangalia kila anayepanda na mtoto wa umri huo, hata baada ya kuacha kazi ya gari. Sijampata. Huyo mtoto sasa anakaribia miaka kumi, popote alipo.

Kitu ambacho hatujakiweza ni mvua. Nyumba yetu ni ya mabati bila dari, na mvua ya Aprili ikianza hata sisi tunazungumza kwa ishara. Mvua haina msumari wa gunia. Boi amejifunza kuangalia mawingu ya upande wa Kilimambogo, na yakiwa meusi anaingia chini ya kitanda mapema na blanketi lake zito na vile vizibo, na mimi huingia naye nikiwepo. Hatuongei. Juzi alihesabu mpaka 1,400 kabla haijapungua.

Wiki iliyopita mzee wa kisiagi aliniita. Dizeli imemshinda bei, anataka kuleta mota ya stima. Anasema haina kishindo kikubwa, ila inalia kama nyuki, sauti ya juu, na inaanza mara moja bila kukohoa. Alitaka kujua Boi ataichukuaje. Nikamwambia sijui. Tumekubaliana mota ikifika isifungwe mpaka Jumapili, Boi aje asome namba zake kwanza. Kwenye katoni ukutani dadangu tayari amechora kibanda kile kile, na ndani yake mashine nyingine, ndogo, ya rangi ya kijani. Boi ameshauliza mara kumi na mbili kama gunia litabaki.